Utumbo Ulioziba: Kwa Wanaoanza Kazi Wodi ya Upasuaji

Mgonjwa wa utumbo ulioziba mara nyingi hufika hospitali ya wilaya akiwa amekwisha kunyweshwa dawa ya kuharisha, kwa kuwa nyumbani walidhani amefunga choo tu. Kwa hiyo nawasihi mnaoanza kazi msitosheke na kuuliza amekosa choo siku ngapi; ulizeni kama hewa bado inatoka, kama maumivu yanakaza na kuachia, na matapishi yana rangi gani. Choo kilichokuwa chini ya kizuizi kinaweza kutoka mara moja kikawapotosha.

Kabla ya kuandika eksirei, mfunueni mgonjwa hadi mapajani, pazia likiwa limefungwa. Mama mtu mzima huona haya kutaja kivimbe cha kinenani, kumbe ngiri iliyonasa hapo, hata iwe ndogo kama limau, ndiyo iliyoukaba utumbo. Tafuteni pia kovu la upasuaji wa zamani, kwani utumbo ulioshikamana ndani nao huziba.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni maji. Lita kadhaa hutuama ndani ya utumbo uliovimba, mgonjwa akakauka ilhali tumbo limejaa, na kumpasua katika hali hiyo ni kumhatarisha. Wekeni dripu ya Ringer's lactate (maji yenye chumvichumvi za mwili), mpira mpana wa puani unaofika tumboni na kutiririsha yaliyomo kwenye mfuko, na mpira wa mkojo. Kisha pimeni mkojo kila saa, nao ukifika angalau nusu mililita kwa kila kilo, yaani mililita 30 kwa mtu mzima wa kilo 60, maji yameanza kumtosha. Dawa ya maumivu apewe pia. Kumwacha ateseke hakumsaidii mpimaji.

Utumbo ulioshikamana unaweza kufunguka wenyewe ndani ya saa 48 hadi 72, lakini kusubiri huko kunataka mkono uleule uliopapasa tumbo asubuhi ulipapase tena kila baada ya saa chache. Maumivu yakigeuka ya kudumu, mapigo ya moyo yakapanda, homa ikaja na tumbo likakakamaa, yumkini utumbo umekosa damu: mwiteni daktari wa upasuaji hata ikiwa saa nane za usiku, dripu ikiendelea. Mtoto wa chini ya mwaka anayelia kwa vipindi na kutoa choo chenye damu na ute asisubirishwe kabisa. Pasipo na mpasuaji, dripu na mpira wa puani viwekwe wakati barua ya rufaa inaandikwa, si baada yake.