Corolla ya 1998 itaruhusiwa barabarani hadi lini? Jibu langu toka Mwanza

Mkuu, umeuliza kama Corolla yako ya 1998 itakuja kupigwa marufuku kwa sababu ya moshi, maana shemeji yako wa London kauza dizeli yake ya 2014 ambayo kwetu ni gari jipya kabisa.

Tuanze na shemeji. London hawahesabu miaka, wanaangalia kiwango cha Euro, yaani kipimo cha Ulaya cha usafi wa moshi. Petroli yenye Euro 4, yaani nyingi za kuanzia 2006, inapita bure. Dizeli isiyofika Euro 6 inalipa pauni 12.50 kila siku inapotembea, na tangu Agosti 2023 eneo lenyewe ni London nzima. Gari la kihistoria lililopita miaka 40 limesamehewa! Halafu tuambiwe mikweche ni yetu.

Kwetu umri unakubana bandarini, unapoingiza gari. Gari dogo la saluni likizidi miaka 8 unaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, likizidi 10 inakuwa 30. Kenya likizidi 8 haliingii, Uganda mwisho 15. Ukishapata namba, mwaka hauulizwi tena. Kwenye stika ya Nenda kwa Usalama mimi huwa naangaliwa breki, taa na matairi. Kipimo cha moshi sijawahi kukiona.

Kwa hiyo kitakachokutoa barabarani ni injini. Naendesha Mark II ya 1999, Buhongwa hadi mjini, na kila gereji kuna fundi anayetaka kunitolea masega, kile kisafisha moshi cha ndani ya ekzosi, "gari lipumue". Nimegoma. Masega yana platini na paladiamu, yana soko, kwa hiyo muulize yakitoka yanaenda wapi. Tena hayazibi yenyewe. Yanaziba kwa sababu injini inakula oili, au plagi moja haichomi na petroli mbichi inakwenda kuungulia humo. Tibu hilo kwanza. Kwangu ilikuwa vimpira vya valvu: moshi wa bluu asubuhi ukiwasha, kisha unakata. Zingekuwa ringi za pistoni, usingekata. Panda na gari lako mlima wa Bugando, mwenzako awe nyuma na gari lingine akuangalizie rangi ya moshi. Ukiwa mweusi, anza na chujio la hewa, halafu nozeli. Mweupe mzito na maji ya rejeta yanapungua, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, usiendelee kuendesha.

Wenye dizeli zisizo na turbo, kama Hiace za injini ya 5L na Land Cruiser za injini ya 1HZ, wajue kwamba huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo pampu iliyosetiwa Dar imwage dizeli nyingi, huku itatoa moshi mweusi zaidi. Fundi pampu anairekebisha, ila madereva wa daladala hawapendi kwa sababu nguvu ya mlimani inapungua.

Corolla yako kama haili oili, usiiuze. Fungua plagi zote nne, zipige picha kwa mpangilio wa silinda uziweke hapa, tuone kwa rangi zake kama injini inachoma vizuri.