Kabla ya Kutundika Kamba: Jengo la Mazoezi ya Sarakasi ya Angani Mtwara

Tulipopata ghala la zamani la korosho hapa Mtwara ili vijana wetu wafanyie mazoezi ya sarakasi, niliona paa lilivyo juu nikaamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Tulifunga vitambaa vya kuning'inia katikati ya boriti ya chini ya kenchi, yaani fremu inayobeba paa, na baada ya wiki chache fundi mmoja mzee akanionyesha kwamba boriti ile imeanza kupinda.

Kenchi ya ghala hutengenezwa ibebe mabati na kuhimili upepo, wala hakuna aliyeipigia hesabu ya mtu anayebembea. Mtu wa kilo 60 akiiachia bembea wakati kamba zimelala sambamba na sakafu, anapopita chini kabisa kamba hizo huvutwa kwa takriban kilo 180, yaani mara tatu ya uzito wake. Na anayejiporomosha kwenye kitambaa kisha akanaswa ghafla aweza kuuvuka mvuto huo. Kwa hiyo nawasihi wenzangu wamwendee mhandisi wa majengo kabla ya kununua hata kamba moja, wamwonyeshe kila mahali watakapotundika kifaa na wamweleze kila kifaa kinavyocheza. Sisi hatimaye tulisimamisha fremu ya chuma ndani ya ghala, yenye nguzo zake na misingi yake ya zege, isiyoliegemea paa hata kidogo. Iligharimu fedha nyingi, nami ningeichagua tena.

Joto nalo lina hatari yake. Hewa ya moto hupanda na kujikusanya chini ya mabati, pale pale mwanafunzi anaponing'inia mita sita kutoka sakafuni, na kiganja chenye jasho huteleza. Acheni matundu ya hewa kwenye mgongo wa paa na madirisha ya chini upande unakotoka upepo wa bahari. Feni za dari zisikaribie kamba kabisa.

Upepo huohuo wa bahari huleta chumvi. Pete moja ya kufungia niliyoifungua ilionekana nzima kwa nje, kumbe kutu ilikwisha kula hesi za parafujo yake, yaani ile mikato inayoikaza. Tangu siku ile tunafungua kila pete kila mwezi, na tumejenga ngazi ya kudumu yenye kijia cha juu, ili mkaguzi afikie kila kiungo bila kuparamia nguzo.