Nina ugonjwa wa kudumu: nitumie njia gani ya uzazi wa mpango?

Barua nilizozichagua safari hii zimetoka kwa watu wanaoishi na maradhi ya muda mrefu. Nyingi zina kilio kimoja: mtu aliambiwa, "Wewe ni mgonjwa, hizi dawa za uzazi wa mpango usiziguse," kisha akaachwa hapo hapo bila kuelezwa atumie nini. Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu wengi wao mimba isiyotarajiwa ndiyo ingewahatarisha zaidi kuliko kitanzi au sindano.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo unaoipima kila njia kwa kila ugonjwa na kuipa daraja. Daraja la 1, tumia bila kizuizi. La 2, faida inazidi hatari. La 3, kwa kawaida hatari ndiyo inayozidi. La 4, usitumie kabisa. Njia iliyo daraja la 4 kwako huenda ikawa daraja la 1 kwa dada yako. Nitayarejea madaraja haya hapa na pale.

Nina miaka 38 na nina presha. Hata nikimeza dawa hucheza kwenye 150 kwa 95. Vidonge vya majira nimevitumia miaka 6 bila tatizo lolote, lakini daktari mpya anataka niviache. Kwa nini sasa?

Daktari wako yuko sahihi, na nasikitika kwamba hakuna aliyekueleza mapema. Vidonge vya majira vinavyotumiwa zaidi vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Yenye matata kwako ni estrojeni: inaweza kupandisha presha, na inaifanya damu iwe rahisi kuganda. Presha na damu inayoganda zikikutana, kinachoogopwa ni kiharusi na mshtuko wa moyo. Presha ikiwa kati ya 140 kwa 90 na 159 kwa 99, vidonge hivyo ni daraja la 3. Ikifika 160 kwa 100, ni daraja la 4. Ukiwa unavuta sigara na umeshapita miaka 35, hali ni mbaya zaidi. Kwamba miaka 6 imepita salama ni jambo la kushukuru, ila halikupi hakikisho la mwaka wa 7.

Hujanyimwa njia zote, umenyimwa estrojeni tu. Vidonge vyenye projestini peke yake, kijiti cha mkononi na kitanzi vyote bado ni vyako. Sindano ya miezi mitatu nayo inawezekana kwa presha yako ya sasa, lakini ikipanda kufikia 160 kwa 100, sindano nayo inashuka hadi daraja la 3. Kwa hiyo, kama nakushauri mdogo wangu, ningeanza na kijiti au kitanzi.

Nisikilize hapa kwa makini. Usiviache vidonge leo halafu ukakaa wiki tatu ukisubiri miadi. Baadhi ya dawa za presha, kama enalaprili, lisinoprili na losatani, humdhuru mtoto aliye tumboni. Nenda ubadilishiwe njia siku hiyo hiyo, na kama haiwezekani, tumieni kondomu kila mara mpaka njia mpya ianze kufanya kazi. Jina la dawa yako ya presha pia mtajie anayekuhudumia.

Nina kifafa, natumia karbamazepini. Mwaka jana niliwekewa kijiti nikaambiwa nipumzike miaka mitatu. Sasa nina mimba ya wiki 9. Nilikosea wapi?

Hukukosea popote, mama. Kosa ni la yule aliyekuchanja mkono bila kukuuliza unameza dawa gani.

Karbamazepini hulichochea ini livunjevunje homoni haraka kuliko kawaida. Kijiti nacho hutoa homoni kidogo kidogo, kiasi kile tu kinachotosha kuzuia mimba. Ini likiila sehemu ya kiasi hicho, kinachobaki hakitoshi. Kijiti kiko mahali pake, unakigusa chini ya ngozi, lakini ulinzi umepungua. Dawa nyingine zinazofanya hivyo ni fenitoini, fenobabitali, primidoni, okskarbazepini, na topiramati hasa kwa dozi kubwa. Vidonge vya majira navyo vinaguswa vilevile, vya homoni moja na vya homoni mbili.

Kwa sasa, jambo la kwanza: usiiache karbamazepini kwa uamuzi wako. Degedege kali wakati wa mimba linaweza kukuumiza wewe na mtoto pamoja. Nenda kliniki wiki hii, upigwe ultrasaundi kuhakikisha mimba imekaa ndani ya mfuko wa uzazi, kijiti kitolewe, na daktari akupangie dozi ya foliki asidi inayowafaa wanaotumia dawa yako. Homoni ya kijiti haijulikani kumdhuru mtoto, kwa hiyo usijilaumu kwa hilo pia.

Ukishajifungua, njia zako ni kitanzi cha kopa, kitanzi cha homoni, au sindano ya miezi mitatu. Kitanzi cha kopa hakina homoni ya kuvunjwa, kile cha homoni hufanya kazi yake pale pale ndani ya mfuko wa uzazi, na sindano ina dozi kubwa inayolishinda ini.

Niwaambie na wengine wenye kifafa mambo mawili. Mnaotumia lamotrijini, kwenu mambo yamegeuka: estrojeni ndiyo inayoishusha dawa mwilini, na degedege linaweza kurudi. Na mnaotumia valproati, dawa hiyo haiharibu njia ya uzazi wa mpango, lakini takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokutana nayo tumboni huzaliwa na kasoro za maumbile, na wengi zaidi hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Mwanamke anayemeza valproati anahitaji njia ya uhakika, na anahitaji mazungumzo marefu na daktari kuhusu kubadilishiwa dawa kabla hajafikiria mtoto.

Binti yangu ana miaka 19 na ana selimundu. Nesi ameshauri sindano, lakini shangazi zake wanasema itamkausha kizazi na damu itarundikana tumboni. Nifanye nini?

Hofu ya damu kurundikana nimeisikia miaka yote ya ukunga wangu, na ina chanzo kinachoeleweka: sindano hii huwafanya wengi wakose hedhi. Lakini hakuna damu inayofichwa mahali. Hedhi ni utando wa mfuko wa uzazi unaobomoka kila mwezi. Sindano huufanya utando huo uwe mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kubomoka. Kwa msichana mwenye selimundu, ambaye damu yake ni chache tayari, kutopoteza damu kila mwezi ni nafuu.

Kuna zaidi ya hapo. Baadhi ya tafiti zimeonyesha kwamba wanawake wenye selimundu wanaochoma sindano hii hupata vipindi vichache vya maumivu makali. Mwongozo umeipa daraja la 1, sawa na kijiti na kitanzi cha homoni. Kitanzi cha kopa ni daraja la 2, kwa sababu kinaweza kuongeza hedhi. Vidonge vya homoni mbili navyo wamevipa la 2, lakini mimi ningeviweka mwisho kabisa: selimundu yenyewe huivuta damu kwenye kuganda, na estrojeni huivuta huko huko.

Kuhusu kizazi, ukweli ni huu: hakikauki, ila kinachelewa kuamka. Baada ya sindano ya mwisho, kwa wastani hupita takriban miezi 10 kabla ya kushika mimba. Pia sindano hupunguza kidogo uimara wa mifupa wakati inatumika, na mifupa hurudi ikiachwa. Baadhi huongezeka uzito.

Nimeona umeniuliza wewe ufanye nini. Mpe yeye barua hii asome. Ana miaka 19, mwili ni wake, na ndiye atakayekumbuka tarehe ya sindano kila baada ya miezi mitatu. Wewe msindikize.

Nina pumu, natumia dawa ya kuvuta. Je, ipo njia iliyokatazwa?

Hapana. Pumu haizuii njia yoyote, na dawa yako ya kuvuta haigombani na homoni. Chagua unayoipenda.

Kabla kichwa hakijaanza kuniuma huona vimulimuli na nusu ya kitu ninachokitazama hupotea, kisha kichwa hugonga upande mmoja siku nzima. Natumia vidonge vya majira.

Hiki kinaonekana kuwa kipandauso chenye dalili za kutangulia, na kwa hali hiyo vidonge vya homoni mbili ni daraja la 4 kwa umri wowote, kwa sababu ya kiharusi. Usingoje vimalizike kwenye karatasi. Nenda sasa, eleza hayo ya vimulimuli kama ulivyonieleza, upewe njia isiyo na estrojeni. Na siku ukiona mdomo umepinda au mkono umelegea, kimbilia hospitali mara moja.

Mke wangu ana kisukari mwaka wa 22 sasa, na macho yameanza kuathirika. Tuna watoto 4, tumeridhika. Daktari amegusia afungwe kizazi. Naweza kufunga mimi badala yake?

Unaweza, na swali lako limenifurahisha. Kisukari kilichopita miaka 20, au kilichogusa macho, figo au mishipa, huifanya operesheni yoyote ihitaji maandalizi zaidi: sukari iwe imedhibitiwa, na kidonda huweza kuchelewa kupona. Kwako wewe mwenye afya ni kazi ndogo ya dakika chache kwa ganzi ya pale pale, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nguvu za kiume, hamu na shahawa kutoka, vyote vinabaki, kwa kuwa kinachofungwa ni mrija unaopitisha mbegu tu.

Hesabuni miezi mitatu kabla ya kuiamini. Mbegu zilizokuwa njiani bado zipo, na wengi waliopata mimba baada ya mume kufunga walikuwa na haraka. Baada ya miezi hiyo pima shahawa kuhakikisha hazina mbegu. Wakati huo mke wako asitumie vidonge vya homoni mbili wala sindano ya miezi mitatu, hizo kwake ziko daraja la 3 au zaidi. Kondomu zitumike kila mara. Na muwe na uhakika wa moyo, wote wawili, maana kufungua baadaye ni kugumu na mara nyingi hakufanikiwi.

Ninaishi na VVU, mume wangu hana. Nilikuwa na kijiti nikiwa kwenye efavirenzi, sasa nimehamishiwa dolutegraviri. Je, nikitoe?

Kibaki. Efavirenzi ndiyo iliyokuwa ikipunguza nguvu ya kijiti, na wapo waliopata mimba kwa sababu hiyo. Dolutegraviri haifanyi hivyo. Ila ukianzishwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, lirejee swali hili upya, kwa sababu rifampisini hulichochea ini kama karbamazepini niliyoieleza juu. Hapo sindano au kitanzi ndivyo vya kutegemea. Antibayotiki za kawaida hazina shida hiyo.

Virusi vikiwa havionekani kwenye kipimo na ukaendelea kumeza dawa vizuri, humwambukizi mumeo kwa kujamiiana. Kondomu bado inafaa kwa magonjwa mengine ya zinaa, lakini usiitegemee peke yake kuzuia mimba: kwa jinsi watu wanavyoitumia, wanawake takriban 13 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka. Kwa kijiti au kitanzi hawafiki 1.

Nina lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe), miaka 29, natumia methotreksati na haidroksiklorokwini. Natamani mtoto baada ya miaka miwili hivi. Madaktari wananiuliza viungo vinaumaje, hakuna aliyewahi kuniuliza nazuiaje mimba. Kwa sasa natumia kalenda.

Kalenda haikutoshi, mpenzi. Methotreksati husababisha mimba kuharibika na kasoro kubwa kwa mtoto, na siku moja ya kukosea hesabu ni nyingi mno kwako.

Kwanza omba kipimo cha damu cha kingamwili za antifosfolipidi. Wenye lupasi wanaokutwa nazo damu yao huganda kirahisi, na kwao estrojeni ni daraja la 4. Hata njia za projestini peke yake hushuka hadi la 3. Kama hujapimwa, jihesabu kuwa unazo mpaka ithibitike vinginevyo. Kitanzi cha kopa hakina homoni kabisa na kinaruhusiwa hata kwao, ila kama chembe zako za kugandisha damu zimeshuka sana, daktari aziangalie kabla ya kukiweka. Hedhi inaweza kuwa nzito miezi ya mwanzo. Sindano nisingekushauri hata kama kipimo kingekuwa safi, kwa ule ucheleweshaji wa takriban miezi 10, wakati wewe una mpango wa mtoto.

Kitanzi cha kopa hudumu miaka 10 na zaidi, lakini kinatolewa siku utakayotaka, na uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja. Ndiyo maana mpangilio wako wa mambo ni muhimu kuliko kawaida. Mwambie daktari wa lupasi sasa hivi kwamba unataka mtoto, akuhamishe kutoka methotreksati kwenda dawa salama kwa mimba. Haidroksiklorokwini utabaki nayo, hata ukiwa mjamzito. Kisha ugonjwa utulie angalau miezi 6 ukiwa kwenye dawa hizo mpya. Kitanzi kitoke mwisho, baada ya yote hayo.