Utamjuaje bingwa wa kweli wa upasuaji wa ubongo?

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo: nani wa kumwamini, na bima italipa nini. Tumechagua tano.

Mume wangu ana miaka 52. MRI imeonyesha uvimbe wa utando wa ubongo wenye upana wa sentimita nne. Tumetajiwa madaktari watatu, na kila anayetushauri anasema wake ndiye bingwa. Nitajuaje nani kasomea kweli na nani ameizoea kazi hii? – Mama Neema, Morogoro

Pole sana, Mama Neema. Uvimbe wa utando wa ubongo mara nyingi si saratani na hukua taratibu, kwa hiyo kwa kawaida mnazo wiki kadhaa za kuuliza bila kukurupuka. Akianza kutapika kila asubuhi, kusinzia kupita kiasi, kupoteza uwezo wa kuona au kupata degedege, msisubiri miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwanza, tofautisheni madaktari. Bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu hutibu kifafa, kiharusi na maumivu ya kichwa kwa dawa, hapasui. Bingwa wa upasuaji wa jumla anapasua, lakini uvimbe wa ubongo si kazi yake. Mnayemtafuta ni bingwa wa upasuaji wa ubongo, mishipa ya fahamu na uti wa mgongo. Huyu amesoma shahada ya udaktari miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha akasomea ubingwa wa fani hii yenyewe. Cheti cha ubingwa kitakuwa ama MMed ya chuo kikuu kama MUHAS, ama FCS ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, ama cha nje ya nchi kilichotambuliwa hapa. "Profesa" ni cheo cha chuo, wala hakisemi mtu anapasua nini.

Pili, hakikini leseni. Kwa Tanzania Bara msajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, MCT, na daftari lake hutafutwa mtandaoni kwa jina au namba ya usajili. Zanzibar ina baraza lake, kwa hiyo daktari wa Unguja asipoonekana MCT, hilo peke yake si ushahidi wa kosa. Angalieni mambo matatu: je, ameandikishwa kama daktari bingwa au daktari wa kawaida, ubingwa ulioandikwa ni upi, na leseni ni ya mwaka huu? Usajili na leseni ni vitu viwili. Mtu anaweza kubaki kwenye daftari huku leseni yake imeisha.

Wengi hukwama kwenye jina. Wanatafuta "Dokta" fulani kwa jina analoitwa wodini, hawamwoni, wanahamaki. Au wanamwona mtu mwingine mwenye jina la ukoo hilo hilo, wanaridhika. Ombeni mapokezi majina yake matatu kamili na namba ya usajili. Hospitali iliyonyooka haioni haya kuitoa. Mkiona jina lina utata, pigieni ofisi ya baraza. Daktari mgeni aliyekuja kambi ya wiki mbili naye anapaswa kuwa na usajili wa muda. Muulizeni pia nani atamfuatilia mgonjwa yeye akishapanda ndege.

Tatu, uzoefu. Leseni inaeleza kwamba mtu anaruhusiwa. Haielezi ameshafanya mara ngapi. Swali zuri ni hili: "Daktari, katika miezi kumi na miwili iliyopita umetoa uvimbe wa aina hii, mahali hapa hapa kichwani, kwa wagonjwa wangapi, ukiwa wewe mpasuaji mkuu?" Uvimbe ulio upande wa juu wa ubongo, karibu na fuvu, ni kazi moja, ulio kwenye sakafu ya fuvu karibu na mishipa ya macho ni kazi nyingine kabisa. Aliyepasua mamia ya majeruhi wa bodaboda ana mkono mwepesi kwa damu iliyovia, lakini huenda uvimbe wa sakafu ya fuvu amekutana nao mara chache. Mwulizeni pia wangapi walipata maambukizi, kupooza au kuvuja maji ya ubongo. Anayejibu "mimi sijawahi kupata tatizo" ama amepasua wachache ama hawafuatilii wagonjwa wake. Sisi tungemwamini zaidi yule anayetaja matatizo aliyokutana nayo na alivyoyashughulikia.

Msisahau jengo na timu. Ulizeni kama kuna darubini ya upasuaji inayofanya kazi leo, kitanda cha ICU kilichotengwa kwa ajili yake, damu ya kundi lake, daktari wa usingizi aliyezoea upasuaji wa ubongo, na CT scan inayopatikana usiku. Hatari kubwa ya saa 24 za kwanza ni damu kuvuja ndani ya fuvu. Ikitokea saa nane usiku na CT imefungwa hadi asubuhi, ustadi wa mpasuaji hauna pa kuonekana. Kwa umma, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, ndiyo kitovu cha zamani cha upasuaji huu nchini. Kutoka Morogoro, tungeanzia huko kwa rufaa.

Mkienda kliniki, bebeni CD ya picha za MRI, si karatasi ya majibu peke yake wala picha ya filamu iliyopigwa kwa simu. Mpasuaji anahitaji kupitia kipande baada ya kipande aone uvimbe umegusa mshipa gani. Kama MRI ilipigwa bila kuchomwa dawa ya kung'arisha, huenda ataomba irudiwe. Ulizeni mapema ili msilipe mara mbili. Orodhesheni dawa zote, hasa za kuyeyusha damu na aspirini. Kama amepewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, asiiache ghafla, na apimwe sukari.

Siku ya upasuaji mwenyewe ataje jina lake na upande unaopasuliwa, na upande huo uwekwe alama ya wino akiwa macho. Mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa fuvu baada ya utambulisho wake kuchanganywa na wa mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kichwani. Someni utepe wa mkononi ninyi wenyewe kabla kitanda hakijasukumwa.

Nina kadi ya NHIF kazini. Hospitali binafsi iliniambia "tunapokea NHIF", nikalazwa kwa upasuaji wa uti wa mgongo, mwisho nikadaiwa vyuma na vipimo viwili. Ninatakiwa kurudi kwa awamu ya pili. Nifanyeje yasijirudie? – Msomaji, Mwanza

Neno "tunapokea" lina maswali manne ndani yake, na wewe ulijibiwa moja. La kwanza ni kama kituo kina mkataba leo na NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya wa Tanzania. Machi 2024, kitita kipya cha mafao kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuhudumia wanachama wa NHIF, na watu wenye miadi mkononi walirudishwa getini. Piga simu wiki ya miadi, usitegemee ulichoambiwa miezi mitatu nyuma.

La pili ni kama upasuaji wako umo kwenye kitita na unalipwa katika ngazi ya kituo hicho. La tatu ni kama unahitaji kibali cha mfuko kabla, na nani anakiomba. Kwa kawaida ni hospitali, lakini mgonjwa ndiye anayeumia ikisahaulika. Usikubali kulazwa kwa upasuaji wa kupangwa bila kuona kibali hicho kwa macho yako.

La nne ndilo lililokukamata: vipandikizi. Skurubu na vyuma vya mgongo vinaweza kuhesabiwa mbali na upasuaji wenyewe, na aina aliyoipanga daktari huenda ikazidi ile inayolipwa. Omba makadirio ya maandishi yenye mistari mitano: ada ya upasuaji, daktari wa usingizi, vipandikizi kwa idadi, siku za ICU na wodi, vipimo vya baada ya upasuaji. Mbele ya kila mstari ofisi ya bima iandike "mfuko" au "mgonjwa", iweke saini na tarehe. Karatasi hiyo moja huzuia ugomvi mwingi pale dirisha la malipo.

Kwa wenye bima za kampuni binafsi, ongezeni kikomo cha kulazwa kwa mwaka, kipindi cha kungojea na ugonjwa uliokuwepo kabla ya kukata bima. Barua ya dhamana isipotaja kiasi, ulizeni. Kampuni ikigoma bila sababu, lalamikeni kwake kwa maandishi kwanza, kisha pelekeni kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nimeambiwa diski ya mgongo imetoka na nifanyiwe operesheni haraka hospitali ya kibinafsi. Wanasema SHA inakubalika. Nitamkaguaje daktari? – Msomaji, Eldoret

Tafuta jina lake kwenye sajili ya mtandaoni ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya. Soma fani aliyosajiliwa na kama leseni ya mwaka huu iko hai. Diski hupasuliwa na bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu au bingwa wa mifupa aliyejikita kwenye mgongo. Wote wawili wanafaa.

Kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, mkataba ni wa hospitali, kwa hiyo kagua hospitali pia. Hakikisha michango yako haina deni na omba idhini ipatikane kabla ya kulazwa. Katika hospitali za kibinafsi mpasuaji na daktari wa usingizi mara nyingi hutoza bili zao kando. Uliza kama nao watakubali malipo ya SHA au watakudai tofauti.

Lakini hilo neno "haraka" linatutia wasiwasi. Maumivu ya diski yanayoshuka mguuni, kwa watu wengi, hupungua ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili kwa dawa na mazoezi ya viungo. Haraka ya kweli ni pale mkojo unapokwama au kutoka wenyewe, sehemu za siri na makalio zinapokufa ganzi, au mguu unapozidi kulegea. Kama huna hayo, pata maoni ya daktari wa pili asiyefanya kazi hospitali hiyo. Moi Teaching and Referral iko hapo hapo Eldoret.

Mwanangu wa miezi minne kichwa kinakua. Wengine wanasema nimpeleke Dar, wengine Uganda. – Mama, Mbeya

Dada, usipoteze siku ukichagua nchi. Anza leo na Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya, wampime na kuanza rufaa. Katika miezi mitatu ya mwanzo kichwa cha mtoto hukua kama sentimita mbili kwa mwezi, kisha kama moja kwa mwezi hadi miezi sita. Pima kwa utepe juu kidogo ya nyusi na mahali kisogo kimetokeza zaidi, andika kila wiki, uende na daftari hilo. Utosi uliotuna, macho yanayotazama chini muda wote na kutapika ni dalili za kuwahi.

Ikithibitika ni maji yaliyojaa kichwani, kuna njia mbili za kumtibu: kuwekewa mpira wa kupitishia maji hadi tumboni, ambao wodini huitwa shanti, au kutobolewa njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera. Njia ya kamera pamoja na kuchoma sehemu inayotengeneza maji iliendelezwa kwa watoto katika hospitali ya CURE, Mbale, Uganda, na Dkt. Benjamin Warf. Muulize mpasuaji kama anafanya zote mbili na kwa nini amechagua moja kwa mwanao. Anayejua moja tu atakupa hiyo hiyo.

Umbali ni sehemu ya matibabu. Mpira huweza kuziba au kupata maambukizi hata miaka baadaye, na hapo inatakiwa hospitali ya kufikika ndani ya saa chache, si safari ya siku mbili. Kwa hiyo tunapendelea mpasuaji mzuri wa karibu kuliko mashuhuri wa mbali. Hakikisha pia mtoto ameandikishwa bima kwa jina lake. Kadi yako haimhudumii hadi aongezwe.

Kijana wetu amepata ajali ya bodaboda, hajitambui vizuri. Tumtafutie bingwa yupi? – Ujumbe wa simu

Yeyote aliye karibu na CT scan. Msifanye uhakiki wowote. Mwenye jeraha la kichwa aliyezungumza kisha akaanza kusinzia anaweza kuwa na damu inayokandamiza ubongo, na hapo zinahesabiwa saa. Mlazeni shingo ikiwa imeshikiliwa isigeuke, msimpe chakula wala maji, mfikisheni. Ndugu mmoja afuate fomu ya PF3 polisi huku majeruhi akiwa tayari hospitalini. Mwingine apeleke kadi ya bima. Hospitali isiyo na mpasuaji iombeni daktari wake azungumze kwa simu na daktari wa hospitali inayompokea kabla gari halijaondoka, na barua ya rufaa iandike saa ya ajali, hali ya fahamu kwa alama kati ya 3 na 15, na ukubwa wa mboni za macho yote mawili. Alama hizo zirudiwe njiani, maana mpasuaji anayempokea atataka kujua zimeshuka kwa kiasi gani na tangu saa ngapi.