Kuku Walinenepa, Mayai Yakakata

Nilipoanza kufuga kuku wa mayai, bei ya chakula cha dukani ilinishinda. Nikaona nisage mahindi, nitie pumba kidogo, maisha yaende. Kuku walikula kwa pupa kweli. Baada ya muda mayai yakaanza kupungua, na yaliyotagwa yalikuwa na ganda laini: ukilishika yai, linabonyea. Wakaanza kudonoana na kunyofoana manyoya. Nikamchinja mmoja, nikakuta tumbo limejaa mafuta ya njano. Shibe alikuwa nayo. Lishe hakuwa nayo.

Mahindi makavu ni wanga kwa takriban asilimia 70, mafuta kama 4, protini 8 hadi 10. Kwa kutia nguvu, nafaka nyingine hazifui dafu. Ila protini yake ni chache na tena ina kasoro, kwa sababu lisini na triptofani, vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, zimo kiduchu. Kuku anayetaga anahitaji protini kama asilimia 17, na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Kalsiamu ya mahindi haifiki hata asilimia 0.1. Sasa ganda litoke wapi?

Hesabu iliyonitoa gizani ni hii. Chukua mahindi yenye protini 9 na mashudu ya soya yenye 44, unataka 17. Toa 17 kwenye 44, unapata 27: hilo ni fungu la mahindi. Toa 9 kwenye 17, unapata 8: fungu la soya. Mafungu yote ni 35, kwa hiyo kwa kilo 100 ni kama kilo 77 za mahindi na 23 za soya. Chokaa ya mifugo, ndiyo yenye kalsiamu ya ganda, na madini bado havijaingia, na vikiingia protini inashuka, kwa hiyo punguza mahindi, ongeza soya. Ukitumia soya nzima, ikaange kwanza. Mbichi inazuia protini isimeng'enywe.

Ng'ombe na mbuzi ni habari nyingine. Ukiwamwagia punje nyingi kwa ghafla, tumbo linajaa asidi na mnyama anaweza kufa. Waongezee kidogo kidogo, majani yasikosekane.

Na sisi watu tusijitoe. Niasini (vitamini B3) ya mahindi imefungwa, mwili hauipati kirahisi. Mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya watu kusini mwa Marekani walikufa kwa pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, wengi wao wakiishi kwa mahindi. Mexico mahindi yalikuwa yakichemshwa na chokaa tangu kale, na chokaa hiyo huifungua niasini. Maharage nayo huziba pengo la lisini. Mimi nimerudi kwenye dona, maana ukikoboa unatupa kiini cha punje chenye mafuta na vitamini nyingi. Mahindi ya njano yana karotenoidi, rangi za njano za jamii ya karotini, ambazo meupe karibu hayana, ndizo pia zinazokoleza kiini cha yai.

Kabla ya kununua gunia, tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Unyevu wa kuhifadhia usizidi asilimia 13, la sivyo kuvu hutengeneza sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Na usiwape kuku mahindi yaliyoota kuvu ukidhani wao hawadhuriki. Mimi nilifukia gunia zima, na roho iliniuma.