Ndimu imeunguza marumaru ya jikoni: ni feki?

Hapana dada, hujatapeliwa. Hayo madoa meupe uliyoyaona baada ya kukamulia ndimu ni dalili kwamba jiwe lako ni marumaru ya kweli, si vile vigae vya kiwandani ambavyo nasi tumezoea kuviita marumaru. Vigae hivyo ndimu haivifanyi kitu.

Marumaru ni mwamba geu. Ilianza kama mawe ya chokaa, yakafukiwa chini sana ardhini, joto na mgandamizo vikayapika upya bila kuyayeyusha. Chembe zake zikakua na kushikana, ndiyo maana inang'aa ukiisugua. Lakini kemikali yake haikubadilika: bado ni kalisi kaboneti, na tindikali ya ndimu, siki au hata nyanya huila. Kwa hiyo hilo si doa, ni mng'aro ulioliwa. Sabuni haitasaidia, mwite fundi aisage na kuing'arisha tena. Na akikuuzia dawa ya kuziba vinyweleo, ujue inazuia mafuta na chai, ndimu haiizuii.

Ukibadilisha siku moja, kwatzaiti nayo ni mwamba geu, ila ilitokana na mchanga, hivyo ndimu haiigusi. Graniti pia inavumilia, ingawa hiyo ni mwamba wa moto, yaani uliotokana na mawe yaliyoyeyuka yakapoa, si geu. Muuzaji akichanganya majina, dondoshea ndimu kipande cha sampuli, subiri dakika kumi, ufute, uone kama imeacha alama nyeupe.