Hela za utafiti wa nishati: serikali, wafadhili au kampuni?

Mkuu, umeuliza kama ukimaliza shahada yako hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) utafute fedha za utafiti wa nishati serikalini au kwenye kampuni, maana umesikia siku hizi hela zote ziko sekta binafsi. Nimefanya kazi kwenye miradi ya namna hiyo Dodoma na Singida, nikwambie nilivyoona.

Hela binafsi zipo, ila angalia zinaingia hatua gani. Seli ya jua ya silikoni ilitoka Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu Marekani, mwaka 1954. Kwa bei ile nani angeinunua? Serikali ndiyo iliyoibeba, ikaifunga kwenye satelaiti ya Vanguard 1 mwaka 1958. Serikali nazo zina vipindi vyao: mafuta yalipopanda bei 1973 nchi tajiri zilimwaga fedha kwenye utafiti, yaliposhuka miaka ya 80 zikafunga mkono. Wawekezaji ndiyo usiseme. Kati ya 2006 na 2011 walitia zaidi ya dola bilioni 25 kwenye kampuni changa za nishati safi, zaidi ya nusu ikapotea, wengi wakakimbia.

Sasa njoo Hombolo, hapa Dodoma. Tulikuwa na kikaushio cha jua cha zabibu: fremu ya mbao, nailoni juu, trei za wavu ndani. Zabibu hapa zinavunwa mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Agosti kazi ni raha, hewa kavu, unapima trei asubuhi na jioni unaona uzito unavyoshuka. Shida pekee ni vumbi. Likitanda juu ya nailoni joto la ndani linashuka, unabaki kufuta na kitambaa. Machi ni habari nyingine. Mawingu siku mbili tu, zabibu zinaota ukungu ukiziangalia.

Kampuni iliyokuja kutuchangia ilitaka takwimu za Agosti tu. Siwalaumu, Agosti ndiyo inauza. Za Machi, ambazo ndizo mkulima anazihitaji, zililipiwa na fedha za umma, tena umma wa nchi nyingine. Hapo ndipo penye kazi, maana wafadhili wa nje wanapungua: USAID, shirika la misaada la Marekani, imefungwa 2025 na Power Africa, mpango wake wa umeme Afrika, ikaenda nayo, Uingereza imetangaza kushusha misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027.

Kwa hiyo anza na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, hata kama ni kidogo na foleni ni ndefu. REA, wakala wa nishati vijijini, wako hapahapa mjini, lakini kazi yao kubwa ni kufikisha nishati vijijini, usiwategemee kwa maabara. Kama mada yako inaweza kuegemea upishi, iegemeze: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034, na mlango huo bado uko wazi.

Kampuni ikija, ipokee, ila kwenye mkataba andika mambo mawili: takwimu ni za nani, na nani analipia msimu wa mvua. La pili watalikwepa. Ng'ang'ania hilohilo.